Mama Kopo na Chumba cha Chini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mpimaji wetu mkuu wa radoni anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Mji mzima unamwita Mama Kopo, kwa sababu ya yale makopo madogo ya kupimia radoni anayoyaacha majumbani mwa watu. Ukimwita kwa jina lake halisi, anageuka kuangalia nani anaitwa.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu. Hupanda kutoka ardhini, ikapenya nyufa za sakafu na kudhuru mapafu taratibu. Mwanzoni, nani angemwamini? Wengine walidhani anauza dawa ya mende. Bibi mmoja alilifungia kopo kabatini pamoja na vikombe vya wageni, eti kitu cha ofisi hakiwekwi ovyo. Mama Kopo alicheka hadi akakaa chini, kisha akaanza kipimo upya.

Lakini kazi hii ina majonzi yake. Wakati wa kupima, madirisha hufungwa siku kadhaa ili gesi isitoroke na kipimo kisidanganye. Nasi tunajijua: mgeni akitarajiwa, nyumba inapigwa deki na madirisha yanafunguliwa. Ndivyo alivyofanya fundi cherehani mmoja, kwa heshima tu. Mumewe, fundi viatu, alishinda kutwa katika chumba cha chini akigonga soli. Majibu yalitoka mazuri, Mama Kopo akawapongeza. Miaka michache baadaye fundi viatu, ambaye hakuwahi kuvuta sigara, alifariki kwa saratani ya mapafu. Chumba kilipopimwa tena baada ya mazishi, majibu yalitutisha sote.

Daktari hakuweza kuapa kuwa ni radoni. Mama Kopo hakungoja kiapo. Alikwenda kwa mjane, akamweleza ukweli wote bila kujitetea: kipimo cha kwanza kilidanganywa na madirisha wazi, naye hakukirudia. Mjane alilia, akamfukuza. Baadaye alimwita mwenyewe, wakaweka bomba na feni ya kuvuta hewa ile kutoka chini ya sakafu.

Tangu hapo Mama Kopo hatangazi siku ya kurudi. Anapiga hodi ghafla, na akikuta mapazia yanapepea anaanza upya, anune anayenuna. Sisi wadogo zake kazini tulinung'unika, jamani, tukamwita king'ang'anizi. Leo nyumba nyingi hapa zina mabomba hayo kwa sababu ya ung'ang'anizi huo.

Kazi ya mwisho aliichagua mwenyewe. Mjukuu wa marehemu fundi viatu alikuwa anahamia kwa bibi yake, yule mjane, na nafasi iliyobaki ilikuwa chumba kile kile. Bibi alikataa katakata mtoto alale humo mpaka Mama Kopo atamke. Majibu yalipotoka salama, Mama Kopo hakuyaamini, alipima tena. Yakatoka salama. Alikaa kwenye ngazi akalia waziwazi, mjane akamletea maji, kisha wakaingiza kitanda pamoja.

Dada yetu mkubwa, asante sana. Kapumzike, uwe na afya na miaka mingi ya furaha. Mtoto analala chumbani mwake tangu Jumatatu.