Mama Apolline, Aliyekataa Kwamba Sauti ni Kumi na Mbili

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuihudumia mitambo ya redio yetu hapa Uvira, Mama Apolline Nyirakamana anastaafu tarehe 30 Juni. Nimeombwa, kama msimamizi wa vipindi, niandike maneno ya kumsifu. Nitamsifu. Lakini niacheni kwanza nipumue, maana mama huyu ametuchosha.

Aliingia kazini akiwa fundi wa nyaya. Radi ilipoupiga mnara, ni yeye aliyeupanda. Siku ambazo wengine tulikimbia vita, yeye alibaki studio akiweka nyimbo ili mji ujue bado tupo. Kwa hayo hakuna wa kumlaumu. Shida ilianza tulipopata kompyuta, naye akajifunza kuiandikia programu.

Kinanda cha kawaida hukata safari ya kutoka do hadi do ya juu kwa ngazi kumi na mbili zilizo sawa. Watu wameridhika. Mama Apolline? Aka! Aliandika programu ambayo ukiipa namba yoyote, inaikata safari ileile kwa namba hiyo: ngazi kumi na saba, kumi na tisa, thelathini na moja. Kisha inazipiga. Kisha yeye anakuuliza umesikia nini. Mimi nilisikia njaa, maana ilikuwa saa ya chakula. Mazutu, yaani dizeli ya jenereta, tuliyoitengea taarifa ya habari yaliishia huko. Siku moja akaupiga wimbo wa kufungulia habari kwa ngazi kumi na tisa, bila kumwambia mtu. Msikilizaji wa Luvungi akapiga simu kutupa pole kwa mitambo kuharibika; mwingine wa Kamanyola akabadilisha betri za redio yake bure. Nilimkaripia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulipomuuliza anatafuta nini, alisema anamtafutia Mzee Kizito nafasi. Mzee Kizito wa Kalundu ndiye mpigaji wa likembe, kile kisanduku cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, katika kwaya ya parokia, na mkewe, Mama Mapendo, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Parokia iliponunua kinanda, likembe na kinanda vikagombana kama wake wenza. Junior, kiongozi wa kwaya, akatoa amri: kufika Pasaka likembe iwe inafuata kinanda, la sivyo mzee akakae na waumini wengine. Mzee akamjibu: “Minye siwezi kufuata mashini.” Junior hakuwa anatania, na mzee hakuwa na kitu kingine cha kumtoa nyumbani.

Basi Mama Apolline akairekodi likembe na kuiuliza programu ni namba gani inayoikaribia. Ikajibu kumi na tisa. Mwezi uliofuata, ishirini na mbili. Kisha kumi na saba. Akaifumua programu yote, akaiandika upya. Akalaumu maikrofoni zetu. Akalaumu joto la ziwani. Akamlaumu hata Nkusi, mlinzi wetu, eti anafunga mlango kwa kishindo. Ofisi nzima ikawa inashinda na vyuma vile vikilia masikioni, na Pasaka hiyo inakuja. Yesu wangu!

Mwishowe akafanya lililompasa tangu mwanzo: akaenda kumtazama mzee akijiandaa. Akamkuta Mama Mapendo amekaa mkekani, anaimba mstari wa kwanza kwa pumzi fupi, na Mzee Kizito anasogeza vyuma vya likembe kimoja kimoja kumfuata. Hivyo ndivyo alivyofanya tangu walipooana, wala hakuona kama ni jambo la kumweleza mtu. Kifua cha mkewe kilikuwa kinauma. Sauti za juu alikuwa hazifikii tena, basi mzee alikuwa akimshushia, akizileta karibu naye. Programu haikuwa na kosa. Miezi yote hiyo ilikuwa inatupimia ugonjwa wa Mama Mapendo.

Mama Apolline alirudi ofisini. Akakata do hadi do kwa ngazi hamsini na tatu, nyembamba hata mimi sisikii tofauti yake, akakiunganisha kinanda cha parokia na kompyuta. Kabla ya misa programu husikiliza likembe, kisha hukichagulia kinanda ngazi zilizo karibu nayo. Siku ya Pasaka kinanda kilimfuata mzee, mzee akamfuata mkewe, na kwaya nzima ikawafuata. Junior alilia mbele ya watu, akamwomba mzee asiondoke kamwe.

Mama Mapendo tulimzika mwezi wa tano. Mzee bado anakuja kupiga. Kila Jumapili Mama Apolline anaiwasha programu, na kila Jumapili inampa ngazi zilezile, hakuna hata moja iliyosogea tangu mke wa mzee alipoimba mara ya mwisho. Juzi nilimkuta mbele ya kompyuta machozi yanamtoka, nikakosa cha kumkaripia.

Mama, asante kwa kazi yako, na kwa ukaidi wako pia, ambao sitausifu mara ya pili. Mungu akupe maisha marefu, afya na amani nyumbani kwako. Kompyuta ile ondoka nayo, sisi hatuiwezi. Na Jumapili usichelewe: Mzee Kizito haigusi likembe mpaka akuone umefika.