Bwana Miche na Wake Wenza wa Majani

Ndugu na majirani, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Miche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tano wa fundi mwashi, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1963, na tarehe 2 Januari 1968 akaajiriwa kitaluni, katika nyumba ya vioo nyuma ya maabara ya kilimo, akadumu hapo miaka arobaini na moja.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1972, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja, ila mkewe hafichi, wiki ya kwanza tu alijua ameolewa penye wake wenza, maana mumewe akiamka, hajamsabahi mtu, huyo kwenye miche ya dirishani anaipumulia, eti hewa ukaa tunayoitoa vifuani ndiyo chakula cha jani, jani huifanya sukari na ubao, mbuzi akilila jani huirudisha kwa pumzi zake, na kinachooza udongoni vijidudu hukirudisha hewani, hakipotei kitu. Mkewe akaanza kumtangulia kuamka, ili pumzi ya kwanza imkute yeye.

Mwaka 2021 mapafu yake yalichoka, daktari akasema hewa ukaa inamkalia kwenye damu, haitoki ipasavyo, na mkewe, kwa wivu aliouita tahadhari, akaitoa miche yote chumbani akidai inamwibia mgonjwa hewa, mpaka muuguzi akacheka, akamwambia, bibi, wewe peke yako unaivuta hewa kuliko miche hiyo yote.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, akiacha wosia kwamba mche wa mkangazi alioulea mwenyewe upandwe juu ya kaburi lake, umle taratibu. Siku mbili mkewe alikataa katakata, akiwauliza wanawe, "Nimemgawana na majani miaka hamsini na miwili, leo niyape na mifupa?" Wivu hauzeeki. Jana alasiri, baada ya binti mkubwa kumsihi sana, akasema, "Haya, upandeni, lakini siku yangu mnizike ubavuni kwake, mizizi isipate kumla yeye bila kunila na mimi."

Familia inawashukuru madaktari na yule muuguzi, majirani waliotuletea maji na viti, na wenzake wa kitaluni waliouleta mche mapema leo.

Pumzika kwa amani, Bwana Miche, na huo mti wako uambie usijivune, nafasi ya mkeo imekwisha pimwa.