Mkono Uliotulia Kwenye Mrija

Ndugu zangu wa Chakol, na nyinyi mliotoka Malaba, asanteni kwa kuniita hapa mbele. Mkiona mkono huu wa kulia unacheza, msiogope. Leo nauacha ucheze.

Mimi ni mtoto wa Marachi, kabila jirani, nimeolewa hapa kwa Wateso. Napika ajono, pombe yetu ya wimbi. Wazee wanazunguka nyungu moja na mirija yao mirefu, mimi naongeza maji ya moto. Basi mkono ukaanza kutetemeka nikiwa nimekaa tu. Kwetu wakasema ni mizimu, tukachinja kuku. Hapa wakasema naonja sana pombe yangu. Kila kabila na jibu lake, na mimi katikati natetemeka.

Siku moja mpaka wa Malaba ulikuwa umefungwa, malori yamejazana, madereva wamejaa kwangu. Jirani mmoja, simtaji, akanywa, akatapika mpaka akaanguka. Macho yote yakaja kwa mkono wangu. Mzee mmoja akasema, "Mama, mwenye roho safi hatetemeki mbele ya nyungu ya wenzake. Kunywa tuone."

Nikashika mrija. Mkono ukatulia kabisa, nikanywa. Nilidhani nimeokoka, kumbe nimejimaliza.

Yule mzee akasema, "Mnaona? Alikuwa anajifanya mgonjwa ili tusimshuku. Huyu ameweka sumu."

Vijana wakasimama mlangoni na fimbo. Nawaambia, niliogopa vibaya. Mume wangu akaingia kati yetu, akasema, "Nipeni mpaka kesho, nimpeleke hospitali. Daktari asipoona ugonjwa, mimi mwenyewe nitamrudisha kwao." Watoto wangu walikuwa wanasikia.

Daktari wa kwanza hata hakunigusa. Alisema kutetemeka huko ni ugonjwa wa Wazungu, Mwafrika haupati, nipunguze pombe. Tukatoka nje. Mume wangu hakuniangalia, na mimi nikaanza kuwaza nitawaagaje watoto.

Pale kwa veranda akapita daktari mwingine, Mhindi, akaona mkono unacheza kwa paja. Akanipa kikombe. Nikakishika, mkono ukatulia. Nikalia, nikamwambia, "Daktari, usiseme najifanya."

"Mama, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Ukipumzika unatetemeka, ukishika kitu unatulia. Kwetu Wahindi nimeuona sana. Nyinyi Waafrika, vitabu vinasema ni nadra kwenu, lakini nani alikuja kuwaangalia? Mnafichwa nyumbani."

Mume wangu aliyarudia maneno hayo mbele ya wazee wale wale. Nikakaa, wakaona. Nikashika kikombe, wakaona. Jirani alikuwa ameshapata nafuu, na fimbo zikaenda zao.

Dawa inapunguza tu, haimalizi. Namshukuru Mungu, namshukuru yule daktari aliyesimama, na mume wangu, ingawa siku ile aliniumiza. Ninalowaomba ni moja: mkiona mtu anatetemeka, mpelekeni hospitali kabla hamjamhukumu.

Juzi alikuja jikoni kwangu mmoja wa wale waliokuwa na fimbo. Alinionyesha mkono wake, akaurudisha haraka kwa koti. Yuko hapa kati yetu, na jua lote hili bado amevaa hilo koti. Ndugu yangu, sikutaji. Jumatatu nakwenda kuchukua dawa, nitakungoja barabarani twende pamoja.