Ukurasa Atakaosoma Brightson

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Felicitas, niinue kidogo, weka mto hapo mgongoni. Na wewe Brightson zima simu. Hiyo kamati ya msiba uliyoiunda huko Tegeta na mie bado napumua, itasubiri.

Nyumba hii ya Mbagala ni ya Felicitas, pamoja na vyumba vya uani, na asije mtu wa ukoo kutoka Bukoba akasema mwanamke harithi, maana niliijenga mwenyewe baada ya baba yenu Apolinari kuondoka akidai hawezi kulala na mke anayeandika uchafu. Uchafu alikuwa anaujua vizuri, ndiyo maana aliutambua haraka. Hayo yamekwisha. Vimebaki vitabu nilivyoandika na haki zake, na hapo tegeni masikio, kwa sababu hapo ndipo mtakapogombana.

Mnajua kitabu cha *Shuka za Gesti* nilikiandikia wapi. Niliandikia Sinza, kwenye ile gesti alikokuwa akifua Munira, huyu mnayemwita shangazi na ambaye wewe Brightson hukumwalika harusini kwako. Mchana, wateja wakiwa hawapo, nilikuwaga nawasomea yeye na wahudumu wenzake huku wanaanika mashuka. Walipokaa kimya nilifuta, walipocheka au kulia niliacha. Hakuna sentensi mle ndani ambayo wanawake wale hawakuipitisha. Ndipo akatokea Mwalimu Adelard na miwani yake, akazunguka kukusanya sahihi mpaka kitabu kikatolewa maktaba, eti mie mhuni, nawaharibu watoto wa watu. Leo huyo huyo ni mwenyekiti wa kamati ya tuzo. Mwaka jana alinivisha kitenge, akanikumbatia mbele ya kamera, akaniita hazina ya taifa, na jina la kitabu akalikosea. Alipokuwa ananichukia angalau alikuwa amenisoma.

Na wewe Brightson, mzee wa kanisa, ukakaa na mtu huyo hotelini mkakubaliana kitabu kisafishwe kiende mashuleni. Nimeiona hiyo kazi yenu. Walevi wameacha pombe, watu wanakwenda gesti kusinzia. Na pale Tunu anapotolewa kuzikwa, Tunu aliyekuwa mhudumu pamoja na Munira, pale mama yake aliposimama mlangoni akawaambia wanaume walioshika jeneza, "Huyu mnayembeba alikuwa malaya, na wateja wake ni nyie mnaombeba," mmeweka kwamba alikuwa mwanamke asiye na bahati. Bahati gani? Nilikuwepo. Yule mama hakusema bahati, na wale wanaume waliinamisha vichwa kwa sababu ya neno alilolisema.

Basi siku yangu wasifu wa marehemu sitaki. Nimehudhuria misiba ya kutosha, nimesikia waliopiga wake zao wakisomewa kwamba walikuwa wapole, na wachoyo wakililiwa kwa spika kwamba walikuwa wakarimu. Fulana zenye picha yangu msichapishe. Badala ya wasifu, Brightson, utasimama mbele ya jeneza langu, mbele ya wazee wenzio na Adelard, ambaye lazima atatafuta kiti cha mbele, usome ukurasa ule wa Tunu kama nilivyouandika. Munira atakuwa amekaa pale. Ameukariri tangu haujachapishwa. Ukiusoma wote, vitabu ni vyako na dada yako, maana ukishalitamka lile neno mbele yao hutakuwa na uso wa kulifuta. Ukiruka, vitabu vyote ni vya Munira. Wakili Bakari ameshaandika na mashahidi wameshaweka sahihi.

Unatikisa kichwa. Unaogopa watu watadhani nasemwa mie. Mwanangu, wamedhani tangu hujaota meno. Najua shuleni walikuita mtoto wa malaya, najua siku uliyorudi na shati limechanika ukasema umeanguka, na niliumia kuliko nilivyokuonyesha. Hilo neno umelibeba miaka yote hii kana kwamba ni lako. Siku hiyo warudishie wenyewe.

Felicitas, maji... Kidogo tu. Khanga zangu mpe Munira, achukue zote. Msinisafirishe Bukoba, nizikeni huku huku nilikoishi. Adelard akiomba kuongea, mwambieni muda umekwisha.

Leteni vichwa niwashike. Mungu awape riziki isiyowalazimu kusema uongo. Felicitas, usiishi na mtu anayekuonea haya. Brightson... nimewadharau watu wengi, na nawadharau bado, lakini wewe sijakudharau hata siku moja. Nimedharau huo woga wako tu. Nawaachia radhi yangu, nyote wawili.

Kitabu kiko hapa, chini ya mto. Fungua palipokunjwa. Nisomee sasa, nikusikie mwenyewe... Polepole, usikimbie... Eeh. Mama yuko mlangoni... jeneza linatoka... Hapo umeruka.

Rudi, mwanangu.

Rudi.