Phelesia Aliyesimama Mlangoni

Wachungaji, Chifu, wazazi wetu na waombolezaji wote, mimi ni Levi, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome na nitasoma, ingawa tangu Jumatano sisikii kitu moyoni, ni kama mkono uliokufa ganzi usingizini.

Phelesia Anyango Okelo alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 karibu na Kendu Bay, binti wa pili wa hayati Mzee Cephas Okelo na Mama Risper, aliyeketi hapa mbele. Alisoma shule ya msingi kule nyumbani, akamaliza sekondari Ndhiwa mwaka wa 1997, kisha akasomea usalama kazini mjini Kisumu. Mwaka wa 2004 aliolewa na shemeji yetu Joash Matiko wa hapa Migori, na Mungu akawajalia Lynnet na Frankline.

Mwaka wa 2011 aliajiriwa na kiwanda kimoja cha samaki mjini Homa Bay, awe msimamizi wa usalama. Majokofu ya pale yalipozwa kwa amonia, gesi inayoziba pumzi, na watu walikuwa wamezoea kwamba hatari ikitokea watakimbilia ufuoni, ila Phelesia aliona kwamba asubuhi upepo huelekea huko huko, akahamishia mahali pa kukutania kwenye uwanja wa kanisa, juu ya barabara. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kufuli kwa kuhofia wizi, akabishana na wakubwa karibu mwaka mzima hadi ukawekwa komeo la kusukuma kutoka ndani, na kila mama mjamzito akapewa mwenzake wa kumshika mkono. Kila mwezi alipiga king'ora cha mazoezi, hata mvua ikinyesha, wanawake wakatoka na mabuti yao wakinung'unika, "Phelesia, samaki wataoza!" naye akawajibu, "Wacha waoze."

Tarehe 9 Juni 2022, asubuhi, bomba la amonia lilipasuka. Wafanyakazi walitoka kama walivyofundishwa, wakahesabiwa uwanjani, akakosekana Bichage, fundi wa majokofu. Kaka yake, Nyakundi, alikimbia kurudi ndani, na wanaume wengine nyuma yake, wakamkuta Phelesia amesimama mlangoni na kitambaa kilicholowa maji usoni.

"Toka hapo, huyo ni ndugu yangu!" Nyakundi alimwambia.

"Najua. Bila mtungi wa hewa huingii."

Nyakundi alimsukuma, dada yangu akaanguka, akainuka, akasimama tena pale pale, mpaka wazima moto wakafika, akawaeleza Bichage alikokuwa akifanya kazi, wakamtoa akiwa bado anapumua, lakini akafariki njiani kuelekea hospitali.

Wachunguzi walisema yeyote ambaye angeingia bila hewa angeanguka kabla ya kumfikia. Mtaani walisema Phelesia alimwacha mtu afe. Nyakundi hakumsalimia tena, na dada yangu aliendelea kwenda kazini, mwezi uliofuata akapiga king'ora kama kawaida, akirudi nyumbani anakaa na sahani mbele yake mpaka chakula kinapoa.

Siku moja alikuja Damaris, mjane wa Bichage, akaketi jikoni kwake, akasema, "Mama Lynnet, Nyakundi ana watoto wanne. Ungemwacha aingie, tungezika wawili." Phelesia alimkaribisha chai, na tangu siku hiyo walikuwa kama ndugu.

Mwaka wa 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa Homa Bay na Kisumu, Damaris akimwosha na kumlisha zamu kwa zamu na Lynnet, hadi Jumatano iliyopita asubuhi, alipotuacha akiwa na miaka arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na wafanyakazi wenzake waliokuja na basi zima. Tunamshukuru Damaris. Tunamshukuru pia Nyakundi, ambaye jana alifika hapa bila kuitwa, akavua koti, akashika jembe, akachimba kaburi na vijana mpaka likaisha.

Phelesia, dada yangu, kazi imekwisha. Pumzika, Mungu akupe amani yake.