Fundi Kitambaa na Dirisha la Wodi ya Watoto

Marehemu baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kitambaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa nne wa mshona viatu. Alimaliza darasa la nane mwaka 1966, akasomea ufundi miaka miwili. Mwalimu aliandika kwenye ripoti: "Anauliza mno." Hakuacha kuuliza.

Mwaka 1973 aliajiriwa hospitalini kutunza jenereta. Moshi wake wa dizeli uliingia wodi ya watoto, hata dirisha likapigiliwa misumari. Muuguzi mmoja akamjia mbio na kitambaa alichokiweka kwenye bomba la moshi. Kilikuwa cheupe, sasa cheusi tititi. "Hiki ndicho wanachovuta wanangu, fundi! Utafanya nini?"

Alianza kwa kumwoa, tarehe 14 Juni 1975. Huyo ndiye mama yetu. Lakini swali lilibaki palepale.

Akitafuta mafuta ya kuendeshea jenereta badala ya dizeli, kwa miaka mingi alikamua mbegu za mbono, akachanganya mafuta yake na spiriti, akachuja, akamharibia mama masufuria yote. "Nimeolewa na injini mimi," mama alilalamika, huku akimshikia chujio.

Tarehe 2 Agosti 1993 aliyajaza kwenye jenereta. Baada ya saa moja ikazimika. Wakubwa wakamjia juu: ameiua! Baba akafungua chujio la injini, likamwaga tope jeusi. "Haijafa, imeoga," alisema. "Mafuta yangu yameng'oa uchafu wa dizeli wa miaka ishirini." Akabadilisha chujio, akawasha. Mama akaweka kitambaa kipya cheupe kwenye bomba, akahesabu hadi mia. Jamani, kilitoka na kivuli cha kijivu tu! Mama akaomba koleo, akang'oa mwenyewe misumari ya dirisha la wodi.

Moshi wa miaka ya mwanzo ulikuwa umeshamla baba mapafu. Alilazwa tarehe 3 Februari 2024, katika chumba kilekile kilichokuwa wodi ya watoto, ambacho sasa ni wodi ya wazee. Alasiri ya tarehe 21 umeme ulikatika, jenereta ikanguruma nje. Muuguzi akainuka kufunga dirisha.

"Liache, mwanangu," mama akamwambia.

Baba akavuta pumzi taratibu. "Sisikii moshi," alisema, akatabasamu. Hakusema tena.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na dirisha lililo wazi. Kitambaa kile chenye kivuli cha kijivu mama amemtilia mfukoni. Mungu ampumzishe kwa amani, mahali penye hewa safi.