Neno Alilokuja Nalo Abigaël

Yannick, zima hiyo redio, na weye Gracieuse ukaribie, ukae hapa pa kitanda, unipe mukono wako. Wanangu, munisikilize wakati kifua kingali kinaniachia pumzi, juu wazee walisema muficha ugonjwa, kifo kitamufichua, na mimi iko jambo nimelificha miaka sita, sitaki mulisikie kwa mutu mwingine nikiisha kuzikwa.

Ya mali ni mafupi. Shamba la Marabo na ng'ombe wawili ni vya Yannick. Nyumba hii ni ya Gracieuse, na mutu wa ukoo wa baba yenu asimutoe, hata akija na karatasi. Paul, mudogo wa baba yenu, tulinyimana salamu tangu matanga ya baba yenu, juu ya mupaka wa shamba. Mumuite aje anizike, ugomvi umenichosha. Inabaki ile nyumba ya mbao nyuma ya parcelle, mule kiwanjani mwetu, ninamofundisha watoto wadogo, na hiyo nitaisema mwisho.

Yannick, najua unataka kuijenga kwa matofari, upange madawati, uandike ukutani kwamba humu ni Kifaransa tu tangu siku ya kwanza, juu wazazi wa Bunia wanapenda hivyo. Mimi nilifundisha mwaka wa kwanza kwa njia hiyo miaka makumi tatu na moja. Nilishika fimbo, nikasema samaki mukunje angali mubichi, na kila directeur aliyepita akanisifu kwa sababu darasa langu lilinyamaza. Nilifikiri kunyamaza ni kujua. Ilikuwa woga, wanangu, na mutoto mwenye woga hasomi kitu, anakuchungulia uso tu ajue kama utapiga.

Munaukumbuka ule mufupa wa taya la mbuzi nilioutoboa nikautia kamba, ile tuliyoita symbole. Mutoto akikamatwa anasema lugha ya kwao anauvaa shingoni, na hautoki mupaka amusikie mwenzake akikosa vilevile, amushitaki, amuvalishe. Weye Yannick uliuvaa, ukamushitaki dada yako siku ileile, na mimi nikacheka, nikasema huyu ana akili.

Watu wa Djugu walipokimbia vita wakajaza kambi kule juu, nililetewa Abigaël, mutoto wa miaka saba, hana neno moja la Kifaransa, na Kiswahili chake ni cha kuokotaokota. Siku ya pili nikamuvalisha. Aliuvaa wiki tatu. Wenzake aliwasikia wakikosa, sana, lakini alikataa kushitaki mutu. Wakati wa mapumziko alichuchumaa na punje za mahindi, akagawanya mafungu na kuhesabu kwa lugha ya mama yake, watoto wadogo wamemuzunguka, na Chris wetu kati yao, na hawa wote walijua kugawa sawasawa kabla ya kujua kuandika tano. Nilipita nikazitawanya zile punje kwa muguu, nikasema muchezo uishe, waingie kusoma. Kumbe walikuwa wanasoma, na mimi mwenye diplome sikuona.

Usivute mukono bado, Gracieuse, mwanangu. Nivumilie.

Siku Chris wako alipoanguka katika shimo la kuchimbia udongo wa matofari nyuma ya shule, lile lililojaa maji ya mvua, mulisikia kwamba Abigaël alimuona, akasimama kutazama, hakuita mutu. Mimi ndiye niliyesema hivyo, na ni uongo. Abigaël alikuja mbio, matope mupaka magotini, akanivuta gauni mbele ya tableau, nikiandika ubaoni, akaanza kusema kwa lugha yake. Nikamuonyesha ule mufupa shingoni mwake kwa kidole. Akafunga mudomo, akanyosha mukono kwenye mulango. Nikamuambia, "Kwa Kifaransa, ao ukae." Akakaa, juu alikuwa mutoto mwenye kutii. Nikamaliza mustari niliokuwa naandika, nikatoka kupiga kengele ya kumaliza mapumziko, na Chris alikuwa amekwisha kuelea.

Niliwaona munalia, nikaogopa. Mukamufukuza Abigaël, mama yake akaitwa muchawi kambini, na mimi nikanyamaza, mimi niliyewapiga watoto wa watu kwa kunyamaza wakiulizwa. Wazee walisema majuto ni mujukuu. Mimi mujukuu nilimuzika, majuto yakabaki.

Ndiyo sababu niliacha shule kubwa, nikaja kufundisha hapa nyuma bila fimbo, na hapo ndipo nilijifunza kazi yangu nikiwa muzee. Mutoto wa miaka mine hafiki mikono mitupu; amekwisha kupima maji, kulea mudogo wake, kujua mbuzi gani ni wa nani. Anajifunza kwa kushika, kwa kuvunja, kwa kuuliza mupaka uchoke. Umujibu. Aseme kwanza kwa lugha iliyomunyonyesha, Kifaransa kitamufuata, hakina haraka.

Nyumba ya mbao ni ya Abigaël. Sasa ana miaka kumi na tatu, anachota maji ya watu kambini. Yannick, utamuchunga mupaka akomae, arudi masomo, na mutoto wa kambi asiulizwe lugha pa mulango. Siku ya matanga, kabla hawajasoma maisha yangu, usimame useme haya yote mbele ya kanisa, na mutafute mutu wa kuyatafsiri kwa lugha yao, mama yake Abigaël asikie jina lake likisafishwa. Usipunguze kitu. Usiseme nilikuwa sijui.

Gracieuse... umeutoa mukono. Ni haki yako. Sikuombi kitu.

Acha, Yannick, usimufuate. Usimurudishe kwa nguvu. Niinue kidogo, maji yananipanda kifuani... hivyo, hapo. Uendako, mwanangu, Mungu akutangulie, akupe kinywa cha polepole na sikio lenye kungoja. Na yule aliyetoka... Mungu amubariki nje huko aliko, amupe mutoto mwingine... na akirudi akute nimekwisha, wamama wa matanga wasimushike, wasimuambie alie... Yannick... asilazimishwe kulia.